Valvu za Redio na Mtoto Anayelala (Sehemu ya 6)

Wiki iliyopita tuliongea habari za usingizi wa mtoto. Leo mtashangaa nesi kayajulia wapi haya, maana mada ni valvu za priampu. Ndiyo, zile taa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya chungwa ndani ya mitambo ya muziki.

Baba Neema aliletewa priampu na kaka yake kutoka Ujerumani. Ni boksi linalopokea sauti changa kutoka kwenye simu au santuri, linaikuza kwanza kabla haijaenda kwenye amplifaya. Sasa valvu zake mbili zimechoka, zinakoroma. Za kununua zipo, ila hela ni ileile ya pampasi na ada. Nikamwambia, tujue kwanza tunanunua nini.

Kitu cha kwanza ni nguvu ya kukuza sauti. Valvu inayoitwa ECC83, au 12AX7, ina kipimo cha 100. ECC81, yaani 12AT7, ni 60. ECC82, yaani 12AU7, ni kati ya 17 na 20. Zote zina miguu 9 na zinaingia tundu moja. Wengi wanakimbilia ile ya 100. Jamani, wodini tunajua dozi kubwa siyo tiba kubwa! Mimi natoka zamu ya usiku, mtoto amelala, muziki tunasikiliza chini. Ukuzaji ukizidi, ukizungusha sauti kidogo tu nyumba nzima inashtuka, na ule mkoromo nao unakuzwa. Kitabu cha priampu yetu kinaruhusu ECC81 au ECC82, basi tumechukua ECC82.

Ila usibadilishe kwa kubahatisha. Fuata kitabu au muulize fundi. Kama priampu yako ina sehemu ya santuri iliyotengenezewa ECC83, waachie ECC83 yao, ukibadilisha sauti inaharibika. Na ukiona ECC88 ina miguu 9, usidanganyike. Umeme wake wa ndani umepangwa tofauti.

Unanunua iliyotumika? Tazama kioo, mara nyingi pale juu. Kuna doa linalong'aa kama fedha. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, valvu hiyo imekufa. Usitoe hata mia. Kisha mwombe fundi aigonge taratibu kwa penseli ya mbao ikiwa inafanya kazi. Ikilia "ting" kubwa kwenye spika, mtoto akikimbia sebuleni utaisikia kila siku. Na usione aibu kununua mpya za kawaida. Slovakia bado wanazitengeneza mpaka leo. Bei kubwa ya valvu kuukuu mara nyingi ni jina tu.

Sasa nisikilize kwa makini, hapa naongea kama nesi. Ndani ya boksi lile kuna umeme ambao mara nyingi ni volti 200 hadi 300. Hata ukichomoa plagi, kapasita zinaweza kubaki na umeme wa kuua mtu. Kwa hiyo mfuniko haufunguliwi nyumbani, ni kazi ya fundi. Valvu zikitokeza nje, kioo kinaunguza vidole vya mtoto, na kikivunjika ni vipande sakafuni. Weka juu, mbali na mkono wa anayetambaa, na waya wa plagi usining'inie. Kubadilisha valvu za nje, zima, chomoa, subiri zipoe kabisa, na watoto wawe chumba kingine.

La mwisho ni masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Sikio la ndani likishaharibika halioti upya. Valvu nzuri kwenye nyumba yenye watoto ni ile inayokuwezesha kusikia wimbo vizuri ukiwa chini, huku bado unamsikia mwanao akilia chumbani.

Baba akisema anataka valvu ya bei mbaya, muulize maswali matatu tu: kitabu kinasema ipi, inakuza kiasi gani, na itakaa wapi mtoto asiifikie. Akijibu yote, mpe hela kwa amani.

Sehemu ya 7 tutaongea kuhusu homa za usiku. Mbarikiwe, na mpumzike pia.