Ghorofa la Chitete na Kasri la Shiwa Ng'andu

Naomba nianze kwa kukiri. Kwa miaka mingi ndoto yangu ilikuwa kulala kwenye kasri. Siyo kupiga picha nje ya geti halafu nirudi hotelini. Kulala kabisa, niamke asubuhi, nifungue dirisha na kuona ukungu umetanda bustanini. Kule Uskoti hiyo ni biashara ya siku nyingi. Kasri la Dalhousie, karibu na Edinburgh, ni hoteli. Kwenye kasri la Culzean, ghorofa ya juu ambayo Jenerali Eisenhower wa Marekani alipewa aitumie baada ya Vita Kuu ya Pili, sasa hulaza wageni. Nilikuwa nayajua yote hayo kwa kichwa. Mimi na mume wangu tulikuwa tunaweka akiba taratibu, ili tukitimiza miaka kumi ya ndoa tupande ndege.

Kumbe mwenzangu alikuwa anajenga kasri lake. Chitete!

Kwa usiyepajua, Chitete ni makao makuu ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Wilaya ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na mkoa wenyewe ukazaliwa 2016. Makao makuu yakishafika mahali, si unajua tena: viwanja vinapimwa, kila mwenye kwao anataka aonekane. Mume wangu ni mzaliwa wa huko. Mimi nilikuwa najua tunajenga kibanda cha vyumba viwili, tuwe na pa kufikia tukienda kuwasalimia wazee.

Likizo iliyopita tukafika, akanishika mkono mpaka kiwanjani. Yaani nilisimama kama nimemwagiwa maji. Nguzo zilikuwa zimepanda, nondo zimechomoza juu kungoja zege la ghorofa. Vyumba nilihesabu vinane. Na pale mbele, kwenye kona, ukuta wa duara ulikuwa unakwenda juu kama mnara.

"Umeionaje, mke wangu?" akaniuliza, meno yote nje. "Si ulitaka kasri?"

Akiba yetu ya miaka sita ilikuwa imesimama pale mbele yangu, imegeuka saruji na matofali ya kuchoma.

"Hukuniuliza," nikasema.

"Ningekuuliza, ingekuwa zawadi gani?"

Msomaji, wewe ungejibu nini? Mimi sikujibu. Kwa siku tatu tukawa tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Mama mkwe aliona, maana wazee wanaona. Jioni ya tatu akaniita jikoni. "Mwanangu," akasema, "nyumba haikimbii. Nendeni mkatembee. Mtoto niachieni." Baba mkwe, ambaye ujanani alifanya vibarua kwenye reli ya TAZARA, akadakia kutoka barazani: "Wapeleke Shiwa Ng'andu wakaone kasri la mzungu, lipo huko porini."

Hivyo ndivyo safari ilivyoanza.

Uskoti ulikuwa mlangoni

Kutoka Chitete tulipanda hadi Tunduma, mji usiolala, malori yamepanga foleni na wabadilisha fedha wanakuonyesha mabunda ya kwacha. Ukivuka Nakonde unazawadiwa saa moja ya bure, kwa kuwa Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Tuliondoka Tunduma saa sita mchana, tukaingia ng'ambo saa tano na kitu! Lugha nayo haibadiliki ghafla, maana Wanyamwanga wako pande zote mbili. Mume wangu alipiga soga na mama muuza ndizi kwa Kinyamwanga, akapunguziwa bei.

Jambo lililonichekesha ni kwamba Uskoti niliokuwa naupigia hesabu za ndege ulikuwa umeacha nyayo hapohapo mpakani. Misheni ya Mwenzo, upande wa Zambia, ilianzishwa na wamisionari wa Kiskoti miaka ya 1890. Jirani yake kulikuwa na kituo kilichoitwa Fife, jina la eneo la Uskoti, ambacho kilishambuliwa na jeshi la Lettow-Vorbeck Novemba 1918, wiki chache kabla Wajerumani hawajasalimisha silaha. Hata ile njia ya zamani ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika iliitwa kwa jina la James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow. Nilimsomea mume wangu hayo kwenye simu. Akaguna. Ilikuwa guno la kwanza la amani kwa siku nne.

Barabara Kuu ya Kaskazini inakupitisha Chinsali, ambako karibu yake, kwenye misheni ya Lubwa, alizaliwa Kenneth Kaunda mwaka 1924. Unaendelea mbele kuelekea Mpika, kisha unakata kona kuingia njia ya vumbi. Kutoka mpakani hadi hapo ni karibu kilomita 300. Unapita katikati ya mikaratusi mirefu, na mara paap, mbele yako juu ya mteremko limesimama jumba la matofali mekundu lenye mnara.

Matofali ya kuchoma. Kama yetu ya Chitete.

Mtu aliyejenga kwanza

Aliyelijenga hakuwa Mskoti. Aliitwa Stewart Gore-Browne, mwanajeshi aliyezaliwa London mwaka 1883. Alikuja huku kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na tume iliyopima mpaka wa Zambia ya leo na Kongo, na mwaka 1914 akaliona ziwa hili. Wabemba wanaliita Shiwa Ng'andu, ziwa la mamba, na mamba ndiye alama ya ukoo wao wa kifalme. Moyo wake ukabaki hapo. Alirudi mwaka 1920, akapata ardhi, akaanza kujenga. Udongo ulichomwa hapohapo. Vitu vya kutoka Ulaya vilishuka kwenye treni Ndola, vikaja kwa mitumbwi na juu ya vichwa vya wapagazi kwa wiki kadhaa. Jumba lilikamilika 1932. Wenyeji walimpa jina Chipembele, yaani kifaru, na hasira zake zilifanana nalo.

Tulifika jioni. Ndani kunanukia nta ya mbao na vitabu vya zamani. Chumba chetu kilikuwa na dari refu na kitanda kizito ambacho nahisi hakijawahi kusogezwa. Chakula cha usiku kililiwa kwenye meza ndefu, kisha mwenyeji wetu akatupandisha maktaba. Moto ulikuwa unawaka. Picha za familia zipo ukutani, na hapo ndipo alipotusimulia habari za Lorna.

Ujanani, Gore-Browne alimpenda msichana aitwaye Lorna. Msichana akaolewa na mwingine. Miaka ikapita, jumba likaanza kupanda, na mwaka 1927 akiwa Uingereza akakutana na binti wa yule Lorna wake, naye anaitwa Lorna. Yeye alikuwa na miaka 44, binti ndiyo kwanza anamaliza utoto. Wakaoana mwaka huohuo, akamleta Shiwa. Nyumba ilishachorwa, ilishaanzwa, ilishapewa nafsi na mtu mmoja. Walipata mabinti wawili. Bibi huyo alijitahidi, lakini miaka ilivyosonga alizidi kuwa mbali na jumba lile, na mwaka 1950 wakatalikiana.

Sitaki kumchafua marehemu. Gore-Browne aliunga mkono uhuru wa Zambia wakati wazungu wengi walikuwa wanaupinga, na alipofariki 1967 alizikwa kwa heshima za kitaifa, Kaunda mwenyewe akiongea kaburini. Lakini pale maktabani nilikuwa naitazama picha ya mkewe, nikajiuliza kama kuna siku alishawahi kuulizwa: jiko unalitaka upande gani?

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anautazama moto.

Hadithi kama hii siyo ya Zambia peke yake. Huko Njoro, Kenya, Lord Egerton alianza kujenga kasri lake mwaka 1938, vita ikamkatiza, akalimaliza 1954. Vyumba 52! Watu wa pale husimulia kwamba alilijenga ili kumvuta mwanamke aliyemkataa, na mwanamke hakuja. Lord akaishi humo bila mke mpaka alipokufa 1958. Siku hizi maharusi wanakwenda kupiga picha za ndoa kwenye bustani zake.

Maji ya moto

Usiku wa pili tulilala Kapishya, kwenye chemchemi za maji ya moto, kama kilomita 20 kutoka jumbani. Maji ni masafi mpaka unaona mchanga unavyochemka chini ya miguu, na minazi ya porini imeinama juu yako. Tuliingia majini baada ya giza. Tulikaa kimya muda mrefu.

"Nilikujengea wewe," akasema hatimaye.

"Najua. Ila ulijenga peke yako."

Akakaa kidogo, kisha akarudisha mpira: "Na wewe Uskoti? Uliwahi kuniuliza kama nataka kwenda? Baridi ya Mbeya tu inanibana kifua, mke wangu. Nilikuwa nachanga hela huku naogopa."

Kiukweli, sikuwa na la kusema. Miaka sita nimemwonyesha picha za makasri yenye theluji, na kila mara alikuwa anatabasamu. Nilihesabu tabasamu kuwa ndiyo. Kumbe tulikuwa wajenzi wawili, kila mmoja na ramani yake chini ya mto.

Sitakudanganya kwamba tulitoka majini tumeshapatana kwa kila kitu. Zile hela hazirudi, na bado zinaniuma. Lakini tulirudi Chitete tukiwa tunaongea. Tukamwita fundi. Ghorofa imesimama hapohapo, nondo zitakatwa. Tutapaua vyumba vinne vya chini, na ule mnara wa duara mama mkwe ameshautolea hukumu: utakuwa ghala lake la mpunga.

Asubuhi ya kuondoka, mume wangu alikuja na ramani na penseli, akaikunjua juu ya kofia ya gari.

"Haya," akasema, "jiko unalitaka upande gani?"

Nawe ukitaka kwenda

Mtanzania hahitaji viza kuingia Zambia kwa matembezi, ila beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Weka nafasi mapema, jumbani na Kapishya, maana vyumba ni vichache. Jumba linatunzwa na familia ya mjenzi: lilibaki ukiwa baada ya binti yake na mkwewe kuuawa mwaka 1992, mpaka wajukuu walipolifufua. Kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, njia ya vumbi haisumbui. Beba sweta, usiku kuna baridi. Panda kilimani penye kaburi la Gore-Browne, ulione ziwa lote.

Na kabla hujalipia chochote, muulize mwenzako kama anataka kwenda.