Alama nne kwa kufuli

Waliosikiliza kipindi cha mwezi uliopita watakumbuka nilianza hadithi ya kufuli la ngazi za nyuma, halafu muda ukaisha. Mmeuliza iliishaje. Basi naandika, na mnivumilie Kiswahili changu: nusu kimetoka vitabuni, nusu jikoni kwa Mama, na Mama ni mtu wa Bukavu.

Nilikulia Berea, Johannesburg, ghorofa ya sita kati ya tisa. Dirisha la jikoni linatazama Ponte, lile jengo refu la mviringo la ghorofa 54. Lilikamilika mwaka 1975 kwa ajili ya Wazungu peke yao. Miaka ya 90 lilijaa wahamiaji, Wakongo wengi wakiwemo, na takataka zikarundikana kwenye uwazi wake wa katikati kwa ghorofa kadhaa. Leo limesafishwa, watu wanalipa kodi, watalii wanapanda kupiga picha. Zege ni lile lile. Kwa hiyo mtu akiniambia jengo fulani ni zuri au baya kwa wanaokaa humo, namuuliza: mwaka gani?

Mwaka 2022, nikisoma usanifu majengo, tulipewa kazi ya kupima jengo la makazi. Tulitumia kipimo kinachoitwa SBAT, kilichobuniwa na Jeremy Gibberd akiwa CSIR, taasisi ya utafiti iliyoko Pretoria. Nilikipenda mara moja. Vipimo vingi vya majengo vimetoka nchi tajiri, na vinahangaika zaidi na umeme na maji. Hiki kiliwekwa kwa ajili ya nchi kama hizi zetu, na kina maeneo 15: matano ya mazingira, matano ya uchumi, matano ya jamii. Hayo ya jamii yanauliza mambo ya kawaida kabisa. Kuna mwanga na hewa? Asiyeweza kutembea ataingiaje? Shule na soko viko mbali? Wakazi wana sauti? Wako salama? Kila eneo lina alama 0 hadi 5.

Nikachagua jengo letu. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

"Weye unapima nini sasa," Mama akauliza, "nyumba ao batu?"

"Nyumba, Mama."

"Aya. Andika lifti ilikufa."

Niliandika. Huduma za karibu zikapata 5 bila ubishi: teksi ziko chini mlangoni, na soko la Yeoville si mbali, sombe na samaki wakavu vyote unapata. Kwenye malezi ya watoto ndipo nilipokwama. Fomu ilitaka kituo cha kulelea, na sisi kituo tulikuwa nacho, ila ni sebule ya Mama, yenye watoto wanne wa majirani wanaofanya kazi za usiku. Sikupata pa kuiandika.

Swali la sauti ya wakazi nalo lilinitoa jasho. Nilibisha hodi ghorofa ya nne, nikamuuliza mama mmoja wa Kikongo kwa Kiswahili changu cha kamusi kama wakazi wana udhibiti. Mlango ukaanza kufungwa. Alisikia "kontrole"! Alidhani natafuta makaratasi yake ya ukimbizi. Ikabidi nianze upya: "Mama, bomba likipasuka, nani anaamua litengenezwe?" Akacheka hadi akashika kiuno. "Yule anayechukua kodi. Siye tunateka maji na ndoo." Nikaandika 1.

Sasa kufuli. Mwaka 2019 mwizi alipanda kwa ngazi za nyuma, zile za dharura, akaingia fleti tatu usiku mmoja. Yetu ilikuwa moja. Mama alimkuta jikoni. Kesho yake alizunguka mlango hadi mlango akichanga pesa, na geti la chini likapata mnyororo na kufuli kubwa. Ufunguo mmoja, kwa msimamizi wa jengo. Tangu hapo hatukuibiwa tena. Kwenye usalama niliandika 4, nikaeleza kwa fahari jinsi wakazi walivyojilinda wenyewe. Nilipata alama nzuri sana.

Tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso, Mtaa wa Albert, Marshalltown, liliungua usiku. Watu 76 walikufa, Watanzania na Wamalawi miongoni mwao. Enzi za ubaguzi lilikuwa ofisi ya pasi za Waafrika, baadaye makazi ya wanawake wenye shida, na lilikuwa mali ya jiji. Ndani watu walikuwa wamegawana nafasi kwa mbao na mashuka. Mbele ya tume ya Jaji Sisi Khampepe zilitajwa njia za kutokea zilizokuwa zimefungwa. Nilisoma hapo nikasimama. Nikafungua ile kazi yangu.

Nne. Kwa kufuli lile lile.

Nilimpigia Mama. Nilidhani atashtuka kama mimi. Akanyamaza kidogo, halafu: "Moto sijauona, mwanangu. Mwizi nilimuona." Nikamwambia watu walikufa. Akasema anajua, kanisani wamewaombea. "Na siku mwizi akirudi, utakuwa hapa?" Sikuwa na jibu. Nakaa hosteli ya chuo, yenye walinzi.

Jumapili nilienda. Tulikutana kwenye ngazi, kama watu 20, wengine wamebeba viti. Fundi mmoja Mtanzania, tunamwita Mzee, alisema lipo komeo la kusukuma kwa ndani, halihitaji ufunguo, na aliye nje hawezi kulifungua. Wote tulilitaka. Mwenye jengo tulimwandikia barua, mimi nikiwa mwandishi. Mpaka leo hajajibu. Kwa hiyo tulichanga tena, Mama akishika daftari, na zikachongwa funguo, moja kwa kila fleti.

Mama ameufunga wake kwa kipande cha kitenge, unaning'inia kwenye msumari juu ya swichi ya taa. Nikipiga simu usiku, kabla sijamwuliza habari za goti lake, namwuliza kama ufunguo upo. Ananijibu upo. Halafu naye ananiuliza kama nimefunga mlango.