Miguu Ishirini na Minane

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Maneno hayo yalimrejea kijana mmoja usiku alipoinama juu ya meza yake, kibanio mkononi, akikitazama kipande cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kipande hicho kilikuwa na miguu 28, kumi na minne kila upande, na kutoka katikati ya mguu mmoja hadi katikati ya mwenzake palikuwa na milimita 0.65 tu.

Kijana huyo alikuwa fundi wa redio aliyepanga chumba kimoja mtaani Ngara, jijini Nairobi. Ufundi wake aliupata kwa vifaa vya zamani, ambavyo miguu yake hupenya matundu ya ubao na kushikwa kwa upande wa pili. Kifaa cha namna hiyo, hata mkono wa fundi ukitetemeka, hakiendi popote. Chipu za siku hizi hazina tundu la kujishikiza. Hukaa juu ya ubao kama mgeni juu ya mkeka, na kinachozizuia zisiondoke ni lehemu peke yake.

Kilichomtia katika mashaka hayo ni kanda moja ya kaseti. Mnamo mwaka wa 1991, babake alimrekodi nyanyake huko Kwale akitamba ngano. Ajuza huyo alifariki mwaka wa 1993, kabla kijana hajazaliwa. Sauti yake ilibaki katika unga mwembamba wa sumaku uliopakwa juu ya utepe wa plastiki, na unga huo hauna ahadi ya milele: kila kanda inapochezwa, huchakaa kidogo. Awali kijana alijaribu kuipitisha sauti hiyo kwenye tundu la maikrofoni la tarakilishi, akaambulia mvumo uliomeza nusu ya maneno. Ndipo alipoazimia kujiundia kigeuzi chake mwenyewe.

Alichagua chipu iitwayo PCM2902, ya kampuni ya Texas Instruments. Kazi yake ni kuipima sauti, kwa mfano mara 44,100 katika kila sekunde, na kukipa kila kipimo nambari moja kati ya 65,536. Nambari hizo ndizo zinazopitia waya wa USB hadi kwenye tarakilishi. Aliagiza mbili kutoka ng'ambo, kwa kuwa mfuko wake haukuruhusu tatu.

Ya kwanza aliiua mwenyewe. Aliishika kama alivyozoea kushika transista, akaikandamiza chuma cha moto kwa muda mrefu, na lehemu ikaziba miguu mitano kwa pamoja. Alipojaribu kuibandua kwa nguvu, shaba ya ubao ikang'oka pamoja nayo. Usiku huo alilala bila kula. Pesa zilimuuma, lakini hofu ilimuuma zaidi: ilibaki chipu moja, na kanda ilikuwa ile ile moja.

Kwa muda wa wiki mbili alijifunza upya juu ya mabao mabovu ya tarakilishi zilizotupwa. Aligundua kwamba kazi hii haitaki nguvu, hutaka maandalizi. Ubao husafishwa kwanza, kisha miguu hupakwa utomvu wa msonobari uliotayarishwa kwa kazi hiyo, ambao huondoa kutu nyembamba inayoizuia lehemu isishike. Nukta iliyochorwa kwenye chipu huelekezwa mahali pake, kwani chipu iliyogeuzwa huweza kuungua mara tu umeme unapoingia. Mguu mmoja wa pembeni hugandishwa. Fundi hutazama kwa kioo cha kukuza kama mingine yote imelala juu ya shaba yake. Ikiwa sawa, hugandisha wa pembe ya mkabala. Baada ya hapo ncha ya chuma yenye lehemu kidogo huvutwa polepole juu ya safu nzima. Lehemu ya risasi na bati huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na ikishayeyuka huikimbilia metali yenyewe na kuukwepa ubao uliopakwa rangi. Ikiziba baina ya miguu miwili, utambi wa nyuzi za shaba huinyonya.

Alipomaliza, safu zote mbili ziling'aa. Akachomeka waya; tarakilishi ikakaa kimya. Moyo ulimpiga kama ngoma. Ingawa alitamani kuichoma miguu yote upya, alijizuia, akaichunguza mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Mguu wa kwanza ulitikisika. Lehemu ilikuwa imeuvika mguu bila kuifikia shaba iliyo chini yake: ulionekana umeungwa, kumbe haukuungwa. Akaongeza utomvu, akaugusa kwa muda usiozidi sekunde mbili. Tarakilishi ikakitambua kigeuzi.

Ndipo kanda ikazunguka, na katika chumba cha Ngara akasikika ajuza wa Kwale. Alisikika akikohoa, jogoo akiwika mbali, watoto wakimwitikia. Ngano ilienda hadi msichana alipofika ukingoni mwa mto na kuulizwa na zimwi swali la mwisho. Hapo pakasikika mlio mfupi, kisha kimya. Kanda ilikuwa imefika mwisho wake tangu mwaka wa 1991, na hakuna aliyeigeuza upande wa pili.

Kijana alikaa kitambo. Kigeuzi chake hakikuwa na kosa lolote. Kisichorekodiwa hakina nambari. Asubuhi alimpigia simu shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni mapema hivi?"

Akamwuliza msichana alilijibu nini zimwi. Shangazi alicheka, akanyamaza, kisha akasema kwamba mama yao alikuwa na majibu mawili: moja la usiku wa kawaida, na moja la usiku ambao watoto walikuwa na njaa.

"Lipi unalolitaka?" akauliza.

"Yote mawili," akajibu kijana. "Lakini usiniambie kwa simu. Nakuja Jumamosi, na chombo changu."