Mbuzi Wangu na Maonyesho

Akina mama wenzangu, munaniuliza kama nitapeleka Furaha, mbuzi wangu jike, kwenye maonyesho ya tarehe 8 Machi. Nitamupeleka. Baba wa watoto anaogopa: kule mbuzi wa kila upande wanachanganyika, na sotoka, ule ugonjwa wa makamasi na kuhara, unaambukizwa hata kwa pumzi. Hasemi uongo. Lakini daktari wa mifugo alimuchoma sindano ya chanjo mwezi uliopita, na akirudi nitamufunga peke yake majuma matatu. Watu wa mjini wanaijua Bangboka kwa kiwanja cha ndege tu (na vumbi!). Mimi nataka wanunuzi wamuone, maana pesa ya masomo ya Septemba iko ndani ya tumbo lake.