Koili Isihukumiwe kwa Kosa la Waya



Tunayo Mini ya mwaka 1984, ambayo huwapeleka wajukuu wetu chuoni hapa Uingereza. Mwezi uliopita ilianza inda: ufunguo ukishikiliwa kwenye stata, injini huwaka, ukiachiwa, huzimika papo hapo. Kijana wetu akataka kununua koili mpya.

Tukamnasihi apime kwanza. Koili ya gari hili, yenye ukinzani wa omu 1.5 hivi, hulishwa na waya maalumu wa ukinzani unaopunguza nguvu za umeme. Stata inapozunguka, umeme hupita njia nyingine. Mita ilionyesha umeme kwenye swichi, lakini kwenye koili haukufika. Koili ilikuwa nzima. Waya ndio uliokatika.

Akapendekeza kuunga waya wa kawaida. Injini ingewaka, ila koili ile ingepata volti 12 daima, ikachemka hata kuungua, pengine usiku barabarani na watoto wamo ndani. Waya wa kawaida hutaka koili ya omu 3. Basi tukatia waya wa ukinzani.

Vijana wetu, pimeni kabla ya kununua. Dawa bila ya kupima huongeza maradhi.