Mabingwa wa Siku 51

Tarehe 26 Septemba 2010, mjini Hayward katika jimbo la California, timu ya wanawake ya FC Gold Pride iliifunga Philadelphia Independence mabao 4–0 na kutwaa ubingwa wa ligi ya kulipwa ya Marekani. Tarehe 16 Novemba timu hiyo ikatangazwa kuwa haipo tena. Hesabu mwenyewe: siku 51.

Ligi yenyewe, Women's Professional Soccer, ilianza mwaka 2009 ikiwa na timu 7, na Gold Pride ilimaliza msimu ule wa kwanza ikiburura mkia. Ilipandaje hadi kileleni kwa mwaka mmoja? Kwa sehemu kubwa ilineemeka kwa misiba ya jirani. Januari 2010 Los Angeles Sol, iliyokuwa imeongoza msimamo wa ligi, ilikufa kwa kukosa mnunuzi. Wachezaji wake wakagawanywa, kila timu iliyosalia ikichagua kwa zamu. Gold Pride ikampata Marta wa Brazili, ambaye FIFA ilimtaja kuwa mchezaji bora wa dunia mara tano mfululizo, 2006 hadi 2010. Saint Louis Athletica nayo ilipokata roho katikati ya msimu, kiungo Shannon Boxx akaangukia hukohuko. Alikuwapo tayari Christine Sinclair wa Kanada. Nani angewazuia?

Wamiliki, mume na mke, walishindwa kuendelea kubeba gharama. Siwalaumu, fedha zilikuwa zao na hasara ilikuwa yao. Nakuomba utazame neno moja nililoliandika hapo juu: wakagawanywa. Hiyo ni kauli ya kutendwa, na raia anayeisoma sharti aulize mtendaji ni nani, na mtendwa aliulizwa lini. Boxx alivaa jezi za timu nne katika misimu mitatu. Marta alivaa za timu tatu; ya mwisho, Western New York Flash, ikawa bingwa wa 2011. Mwaka 2012 ligi nzima ikafa, ikiwa imeelemewa na kesi dhidi ya mmiliki aliyenyang'anywa timu yake.

Ligi iliyoirithi, NWSL, ilianza 2013. Wachezaji walisubiri hadi 2022 ndipo chama chao kikatia saini mkataba wa kwanza wa pamoja na ligi. Mkataba mpya wa 2024 ulifuta utaratibu wa timu kujichagulia wachezaji wanaotoka vyuoni, ukaweka pia sharti kwamba mchezaji hahamishiwi timu nyingine pasipo ridhaa yake. Boxx alikuwa ameshastaafu. Marta alikuwa bado yumo uwanjani, na mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 38, alitwaa ubingwa wa ligi hiyo akiichezea Orlando Pride.