"Mimi" ya Mwata Kazembe

Leo nataka tutafakari kiambishi kidogo sana: ni- ya nafsi ya kwanza umoja.

Nilipoanza kazi hapa Nchelenge, mzee mmoja wa Kilunda alinisimulia historia tukiwa ufukoni Kashikishi, mitumbwi ikirejea kutoka Ziwa Mweru. Alisema kwa Kibemba: "Nilitoka kwa Mwata Yamvo. Nikavuka Luapula. Nikawashinda Washila." Nilidhani ulimi umeteleza, maana mambo hayo yalitendeka katikati ya karne ya 18.

Hakuwa amekosea. Katika bonde la Luapula, mrithi hurithi jina la marehemu, cheo chake na hata udugu wake. Kwa hiyo huyasimulia matendo ya mtangulizi kama yake mwenyewe. Mwata Kazembe wa XIV, Chinyanta Nankula, ndiye anayetajwa kuwa mwandishi wa kitabu cha historia ya ufalme huo kwa Kibemba, kilichochapishwa mwaka 1951. Jina lake, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, maana yake ni "Wahenga Wangu na Watu Wangu". Tazameni vimilikishi hivyo viwili!

Ufalme huo haukuwa mdogo. Mreno Lacerda alifika huko mwaka 1798, akafia huko huko. Livingstone, aliyeliona ziwa letu tarehe 8 Novemba 1867, alimkuta katika mji mkuu mfanyabiashara Mohammed bin Saleh, ambaye alikuwa ameishi huko kwa miaka mingi. Basi wafanyabiashara wa pwani walifika hapa kabla ya mpaka wa kikoloni kuchorwa juu ya Luapula.

Nilipoyaeleza haya darasani, kwa fahari, karibu na sherehe ya Mutomboko inayofanyika kila Julai huko Mwansabombwe, msichana mmoja wa ukoo wa Kishila alinyosha mkono. "Mwalimu," aliuliza, "mimi nitasemaje? Nilishindwa?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka, nami sikuwa na jibu.

Siku iliyofuata nilimrudia. Nilimwambia kwamba kabla ya Walunda walikuwapo Washila na mfalme wao Nkuba, na kabla ya Washila walikuwapo Wabwilile. Walunda waliushika utawala, lakini waliendelea kuwatambua waliotangulia kuwa wenyeji wa ardhi na maji, wenye haki ya kuongoza matambiko yake. Mshindi alihitaji baraka za aliyeshindwa ili apate samaki. Kisha nikaongeza: anayesema "nilishinda" amekubali pia kusema "ninawajibika". Haiwezekani kurithi ushindi wa babu na kukataa deni lake.

Alifikiri kidogo, akasema, "Basi na nisikie wakilisema hilo pia."

Tangu hapo, kila ninapofundisha viambishi vya nafsi, ninafungua utangulizi wa Katiba ya Zambia. Sauti inayozungumza humo ni ya nafsi ya kwanza wingi: sisi, watu wa nchi hii. Ni neno jepesi kutamka. Lakini "sisi" hutimia pale tu Mlunda, Mshila na Mbwilile wanapoweza kulitamka bila mmoja wao kuinamisha kichwa.

Nanyi, wanafunzi wangu, mnaposema "sisi", mmemhesabu nani, na mmemsahau nani?